Pikseli Milioni 200 na Tundu la Milimita 4

Juu ya mlima Cerro Pachón, nchini Chile, kuna kamera ya kidijitali kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Uzito wake unakaribia tani 3, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo kinachozidi mita moja na nusu. Ni kamera ya kituo cha astronomia cha Vera C. Rubin, ambacho kilitoa picha zake za kwanza kwa umma Juni 2025. Ina pikseli milioni 3,200 zilizogawanywa kwenye vihisi 189, na kila pikseli ina upana wa maikromita 10. Simu za bei ya juu zilizoingia sokoni mwaka 2023 na tangazo la megapikseli 200 zina pikseli zenye upana wa maikromita 0.6. Wahandisi wa Rubin, waliokuwa na fedha na muda wa kutosha, walichagua pikseli pana zaidi ya mara 16 kuliko hizo zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi.

Pikseli ndogo zilikuwepo, wangeweza kuzitumia. Walichofanya ni kupiga hesabu ya undani ambao darubini yao ingeweza kuufikisha mbele ya kihisi, kisha wakachagua pikseli zinazolingana nao. Hesabu hiyo inahusu kila kamera, kuanzia ya simu hadi ya mpiga picha wa harusi, na inasikitisha kuona watu wakitoa fedha zao za jasho kwa kuangalia namba moja tu iliyoandikwa kwenye boksi. Msimamo wangu ni kwamba idadi ya pikseli ni swali la mwisho. La kwanza ni upana wa tundu linalopitisha mwanga. Linafuata la ukubwa wa kihisi kinachoupokea, kisha la ubora wa vioo vilivyo katikati.

Tukubaliane kwanza tunapima nini. Upambanuzi wa picha ni uwezo wa kuonyesha vitu viwili vilivyokaribiana vikabaki viwili: nyuzi mbili za nywele, mistari miwili ya kanga, herufi mbili kwenye kibao cha duka. Pikseli ni nafasi za kuandikia taarifa hiyo, na nafasi nyingi hazina faida kama taarifa yenyewe haikufika. Hata kuzihesabu kuna mtego wake. Megapikseli huhesabu eneo, ilhali undani hupimwa kwa urefu. Ukitoka megapikseli 12 kwenda 24, kila upande wa picha unaongezeka kwa asilimia 41 tu. Anayetaka undani maradufu anahitaji pikseli mara nne, yaani kutoka 12 hadi 48, na hapo ni endapo mambo mengine yote yamekwenda sawa.

Mahitaji yetu mengi ni madogo kuliko tunavyodhani. Skrini ya HD kamili ina pikseli zinazozidi kidogo milioni 2. Runinga ya 4K ina milioni 8.3. Ukurasa wa A4 uliochapwa kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango cha majarida mazuri, unahitaji milioni 8.7. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupunguzwa kabla haijamfikia mlengwa. Mwenye haki ya kuuliza zaidi ni yule anayechapa mabango na vitabu vya picha, au anayekata kipande kidogo cha picha na kukikuza, kama afanyavyo mpiga picha wa ndege au wa mpira wa miguu.

Imani yetu juu ya megapikseli ilijengwa wakati ambapo ilikuwa kweli. Kamera ya kidijitali ya kwanza, aliyoiunda Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, ilikuwa na pikseli 10,000 tu na ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Nikon D1 ya mwaka 1999, kamera iliyowaingiza waandishi wa habari wengi katika dunia ya kidijitali, ilikuwa na megapikseli 2.7, na kila pikseli ilikuwa na upana wa karibu maikromita 12. Lenzi za enzi za filamu zilileta undani mwingi kuliko vihisi vile vilivyoweza kuupokea. Kila toleo jipya lilipoongeza pikseli, picha iliboreka hata kwa macho ya mtu asiyejua lolote kuhusu kamera. Soko likazoea namba hiyo, na wanunuzi nao wakaizoea. Hali ikabadilika polepole, pikseli ziliposinyaa hadi kuukuta mpaka uliowekwa na mwanga wenyewe.

Mwanga ni wimbi. Ukipita kwenye tundu hutawanyika kidogo, na tundu likiwa jembamba hutawanyika zaidi. Ndiyo sababu nyota, hata iwe mbali kiasi gani, haitui kwenye kihisi kama nukta kamili. Inatua kama kisahani kilichozungukwa na pete hafifu. Mwanaastronomia Mwingereza George Biddell Airy alieleza hesabu ya kisahani hicho mwaka 1835, na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Hiyo ndiyo difraksheni. Haina tiba ya fundi wala ya fedha, kwa kuwa haitokani na uzembe wa kiwanda. Lenzi isiyo na dosari hata moja ingekuwa nayo vilevile.

Hesabu yake ni nyepesi. Kipenyo cha kisahani ni urefu wa wimbi la mwanga, mara 2.44, mara namba f ya lenzi. Namba f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu, ndiyo maana namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Tuchukue mwanga wa kijani wa nanomita 550, ambao jicho letu huuona vizuri zaidi. Kwenye f/2 kisahani kina upana wa maikromita 2.7. Kwenye f/2.8 ni 3.8. Kwenye f/8 ni 10.7, na kwenye f/16 kinafika 21.5.

Sasa tuviweke visahani hivi juu ya pikseli. Kihisi cha fremu kamili, chenye milimita 36 kwa 24, vipimo vilevile vya filamu ambavyo Leica ya mwaka 1925 ilivieneza duniani, kikiwa na megapikseli 24 kina pikseli za maikromita 6. Kikiwa na megapikseli 61, kama kwenye Sony A7R IV ya mwaka 2019, zinakuwa za 3.76. Kamera hiyo ikipiga picha kwa f/16, kila nukta ya mwanga inasambaa juu ya pikseli karibu sita kwa upana. Mpiga picha wa mandhari aliyefunga tundu hadi f/16 ili maua ya karibu na mlima wa mbali vyote viwe kwenye fokasi amepata alichotaka, lakini sehemu kubwa ya ule undani wa megapikseli 61 alioulipia ameuacha.

Kwenye simu hali ni ngumu zaidi. Pikseli ya maikromita 0.6 ni nyembamba kuliko urefu wa wimbi la mwanga mwekundu linalosafiri hewani. Lenzi kuu ya simu ya namna hiyo huwa na f/1.7 hivi, na kisahani chake kina maikromita 2.3. Nukta moja, hata ikipita kwenye lenzi kamilifu, inafunika karibu pikseli nne kwa upana, yaani pikseli zaidi ya kumi kwa eneo. Mvuvi akitupa wavu wa dagaa mahali penye changu tupu, atavua changu walewale ambao wavu wenye matundu mapana ungewavua. Ndivyo zilivyo pikseli zilizosagwa kupita kisahani cha lenzi: udogo wake unatega undani ambao mwanga haukuuleta.

Hapa inabidi niwapinge wanaokwenda upande wa pili, wale wanaosema kwamba kihisi kikishaizidi lenzi, kila pikseli ya ziada ni bure. Mambo hayakatiki ghafla kama ukingo wa meza. Ukungu wa lenzi, ukungu wa pikseli na ukungu wa mtikisiko wa mkono hujumlishwa, na kwa kadirio la kihandisi hujumlishwa kwa vipeo vyake vya pili: kipeo cha pili cha ukungu wote ni jumla ya vipeo vya pili vya kila chanzo. Chukua kisahani cha f/8, maikromita 10.7, na pikseli ya 6. Ukungu wa jumla ni kama 12.3. Punguza pikseli hadi 3, maana yake umetoka megapikseli 24 hadi 96 kwenye kihisi kilekile, na ukungu unashuka hadi 11.1. Pikseli zimekuwa mara nne na faida ni asilimia 10. Rudia hesabu hiyo kwa lenzi nzuri iliyo kwenye f/2.8, na ukungu unashuka kutoka 7.1 hadi 4.8, karibu theluthi nzima. Kihisi kilekile kinaweza kuwa na faida kubwa au ndogo kutegemea tundu ulilochagua asubuhi hiyo. Hakuna lenzi mbaya kiasi cha kufanya kihisi bora kisisaidie hata chembe, wala hakuna kihisi cha kuiponya lenzi mbaya.

Pikseli nyingi zina faida nyingine ambayo husahaulika. Kihisi hakioni rangi. Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza mwaka 1976 kwa wazo la kufunika pikseli kwa vichujio vya rangi: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kila pikseli inajua rangi moja tu, na programu hukisia rangi mbili zilizobaki kwa kuangalia majirani. Kama lenzi inaleta undani mwembamba kuliko nafasi kati ya pikseli, ukisio huo unapotea njia. Kwenye shati la mistari myembamba au suti iliyofumwa kwa nyuzi za kubanana yanatokea mawimbi ya rangi ambayo hayapo kwenye kitambaa. Kwa miaka mingi watengenezaji waliweka mbele ya kihisi kichujio cha kufifisha picha kidogo ili kuzuia hilo. Nikon mwaka 2012 walitoa kamera mbili pacha za megapikseli 36, D800 yenye kichujio na D800E ambayo kazi ya kichujio hicho ilikuwa imebatilishwa, wakamwachia mnunuzi achague kati ya usalama na ukali. Pikseli zikizidi kuwa ndogo, lenzi yenyewe inakuwa kichujio, mawimbi ya uongo yanapungua na rangi zinakisiwa kwa usahihi zaidi. Kwa fundi wa picha anayeishi kwa kupiga nguo za harusi, hiyo ni sababu nzuri ya kutaka megapikseli 45 badala ya 24.

Tuje kwenye ukubwa wa kihisi, ambao ndio kiini cha suala zima na ndio unaoelezwa vibaya kuliko yote. Wengi wanaamini kihisi kikubwa kina uchawi fulani ndani yake. Kisahani cha Airy hakijui kihisi kina ukubwa gani. Kwenye f/4 kina maikromita 5.4 kiwe kinatua kwenye simu au kwenye kamera ya studio. Tofauti inakuja picha inapokuzwa. Kihisi cha simu tuliyoitaja kina milimita 9.8 kwa 7.3. Ili picha yake ijaze karatasi ya A4, kila kitu kilichomo, ukungu ukiwemo, lazima kikuzwe mara 30. Picha ya fremu kamili inakuzwa mara 8 tu na ushei. Ukungu wa maikromita chache usioonekana kwenye karatasi ya pili unaonekana kwenye ya kwanza.

Basi fuata tundu lenyewe. Lenzi kuu ya simu hiyo inaona upana wa mandhari sawa na lenzi ya milimita 24 kwenye fremu kamili, lakini urefu wake halisi wa fokasi ni kama milimita 6.8. Gawanya kwa 1.7 unapata tundu lenye kipenyo cha milimita 4, jembamba kuliko penseli. Weka lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili na uifunge hadi f/6: tundu lake nalo ni milimita 4. Picha hizo mbili zitakuwa na difraksheni sawa, kina sawa cha eneo lililo kwenye fokasi, na zikipigwa kwa muda uleule zitakuwa zimekusanya kiasi kilekile cha mwanga. Kihisi kikubwa hakijaongeza kitu. Kinachokupa ni ruhusa: fursa ya kulifungua tundu hilo hadi milimita 10, 15 au 30, upana ambao hauwezi kuingia ndani ya simu yenye unene wa milimita 8.

Hapo ndipo unaona ununuzi unaoniuma kuliko wote. Kijana anakusanya fedha mwaka mzima, ananunua kamera ya fremu kamili, kisha kwa kuwa fedha zimeisha anachukua lenzi ya zumu ya bei rahisi ambayo ikivutwa mwisho inafunguka hadi f/5.6 tu. Kwa mwanga, amerudi karibu palepale simu yake ilipokuwa. Angechukua mwili wa kamera wa zamani zaidi, hata wenye megapikseli 12 au 20, na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa, angekuwa na tundu la milimita 28. Kwa kila picha, lenzi hiyo ikiwa wazi kabisa hukusanya mwanga takriban mara 11 kuliko simu inavyokusanya kwa muda uleule.

Mwanga na undani haviachani. Mwanga hufika kwa chembe, fotoni moja moja, na chembe hizo hazifiki kwa mpangilio sawa. Pikseli ikipokea fotoni 10,000, kuyumba kwake ni kama 100, asilimia 1. Ikipokea 100, kuyumba ni 10, asilimia 10, na hapo ndipo chengachenga zinapoonekana. Eneo la fremu kamili ni milimita za mraba 864, la simu ni kama 72, tofauti ya mara 12. Kwa namba f ileile na muda uleule, usafi wa picha unatofautiana mara tatu na nusu. Chengachenga zinafunika undani mwembamba kwanza. Kisha programu ya simu, katika kuzisafisha, inafuta kile kilichokuwa kimebaki: nyasi zinakuwa rangi iliyopakwa, nywele zinakuwa kofia, ukili wa mkeka unakuwa ubao.

Jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee. Ngozi nyeusi huakisi mwanga mchache kuliko gauni jeupe lililo kando yake, na ukumbi wa harusi wenye taa za rangi tayari una mwanga haba. Kamera inapunguza mwanga ili gauni lisiungue, na uso wa bibi harusi unabaki na fotoni chache kuliko kitu chochote muhimu kwenye fremu. Programu inalainisha. Vinyweleo, jasho la furaha na mikunjo ya kicheko vinafutwa, anabaki mtu wa plastiki. Kwa kazi hiyo megapikseli 200 hazina msaada wowote. Tundu pana na kihisi kikubwa vinasaidia, na taa moja iliyowekwa vizuri inasaidia kuliko vyote.

Watengenezaji wa simu wanayajua haya yote, na lazima wapewe haki yao. Simu ya megapikseli 200 kwa kawaida haitoi picha ya megapikseli 200. Inaunganisha pikseli 16 kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12.5, yenye pikseli zinazofanya kazi kana kwamba zina upana wa maikromita 2.4. Kipimo hicho kinakaribiana kabisa na kisahani cha lenzi ya f/1.7. Yaani baada ya tangazo lote, simu yenyewe kimyakimya imerudi kwenye ukubwa ambao fizikia ingependekeza. Wazo hili si geni: Nokia 808 PureView ya mwaka 2012 ilikuwa na megapikseli 41 na kwa kawaida ilitoa picha za megapikseli 5, safi kuliko simu nyingine za wakati wake. Pikseli ndogo huwa na manufaa mchana kweupe, unapokata katikati ya picha ili kuvuta kitu karibu, maana hata pale ambapo kisahani kinafunika pikseli nne bado kuna tofauti hafifu za mwanga ambazo programu inaweza kuzikuza. Ni faida ya kweli, ila ni ndogo mno ukiilinganisha na namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Kuna mpaka mwingine wa lenzi ambao hautokani na difraksheni. Kioo kilichokatwa kwa umbo la tufe hakikusanyi miale ya ukingoni na ya katikati mahali pamoja. Mwanga mwekundu na wa bluu hupinda kwa viwango tofauti, ndiyo maana tawi lisilo na majani mbele ya anga jeupe linapata ukingo wa zambarau. Nukta iliyo kwenye kona ya picha hunyooka na kuwa kama mkia. Kasoro hizi huwa kubwa tundu likiwa wazi kabisa na hupungua unapolifunga, wakati difraksheni inaongezeka. Mahali zinapokutana ndipo lenzi inapokata vizuri zaidi. Kwa lenzi nyingi za fremu kamili ni kati ya f/4 na f/8. Lenzi za simu, zenye vipande sita hadi vinane vya plastiki iliyofinyangwa, hazina nafasi ya kuchagua kwa sababu tundu la nyingi ni moja lisilobadilika. Tena kipande kimoja kikikaa upande kwa maikromita chache, upande mmoja wa picha unafifia. Ndiyo sababu simu mbili za aina moja zinaweza kutoa picha tofauti, na ndiyo sababu mnunuzi wa lenzi iliyotumika anapaswa kupiga picha ukuta wa matofali au gazeti lililobandikwa ukutani, kamera ikiwa kwenye stendi, kwa kila tundu kuanzia lililo wazi hadi f/16, kisha alinganishe kona zote nne. Zoezi hilo la dakika chache litamweleza mengi kuliko muuzaji yeyote.

Umbali nao una sheria yake. Lord Rayleigh aliweka mwaka 1879 kanuni inayotumika hadi sasa: pembe ndogo kabisa ya kutenganisha vitu viwili hutegemea urefu wa wimbi na kipenyo cha tundu, basi. Kwa tundu la milimita 4, vitu viwili vilivyo umbali wa mita 100 lazima viachane kwa karibu sentimita 1.7 ndipo vionekane viwili. Mistari ya herufi kwenye namba ya gari haizidi sana unene wa sentimita moja. Kwa hiyo lenzi kuu ya simu haiwezi kusoma namba hiyo kwa uhakika kutoka mita 100, iwe ina megapikseli 50, 200 au elfu moja. Lenzi ya milimita 400 yenye f/5.6 ina tundu la milimita 71, na kutoka mahali hapo hapo inaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa milimita moja. Waongoza watalii wa Serengeti wanaijua tofauti hii bila kuhitaji kanuni: duma aliye mbali ni nukta ya hudhurungi kwenye simu ya mgeni mmoja, na ni ndevu na madoa kwenye kamera ya mwenzake.

Lakini hata yule wa lenzi kubwa ana adui. Ifikapo saa sita mchana ardhi ya mbuga imepata joto, hewa iliyo juu yake inachemka, na mwanga unaotoka kwa duma unapindishwa huku na huku kabla haujafika kwenye lenzi. Hakuna kioo kinachoweza kurekebisha. Wapiga picha wazoefu hutoka alfajiri, wakamaliza kazi ya mbali kabla jua halijapanda, kisha husogea karibu.

Adui huyohuyo ndiye aliyewaamulia wahandisi wa Rubin. Kioo cha Rubin chenye kipenyo cha mita 8.4 kingeweza, kama hewa isingekuwepo, kutenganisha nyota zilizoachana kwa chini ya sekunde 0.02 za pembe. Lakini hewa, hata ile tulivu ya milima ya Chile, inaifanya kila nyota iwe na upana wa takriban sekunde 0.7. Pikseli ya maikromita 10 kwenye darubini hiyo inafunika sekunde 0.2, hivyo ukungu wa hewa unapimwa kwa pikseli tatu hadi nne. Hiyo inatosha kuurekodi wote bila kupoteza kitu. Pikseli ndogo zaidi zingegawanya mwanga hafifu wa galaksi za mbali kwenye vyombo vingi visivyo na kazi. Kioo kile kipana hakikujengwa kwa ajili ya ukali. Kilijengwa kukusanya fotoni.

Limebaki suala la programu, na hapa maoni yangu ni makali zaidi. Kuna hesabu halali inayoongeza undani wa kweli. Google mwaka 2018, kwenye simu ya Pixel 3, walitumia mtikisiko mdogo wa mkono kama faida: simu hupiga picha kadhaa mfululizo, kila moja ikiwa imesogea sehemu ya pikseli, kisha inaziunganisha na kupata rangi halisi mahali ambapo awali ingekisia. Undani huo ulipita kwenye lenzi. Lakini ipo pia hesabu inayochora. Mwaka 2023 mtumiaji mmoja wa simu aliichukua picha ya mwezi, akaififisha kwa makusudi hadi mashimo yakapotea kabisa, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta na kuipiga kwa simu kutoka mbali. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo. Taarifa hiyo haikuwepo mbele ya lenzi. Ilitoka kwenye mafunzo ya programu.

Kwa mwezi wa kutuma kwa marafiki hakuna aliyeumia. Ila picha za simu siku hizi zinafikishwa polisi, mahakamani, kwa bima na kwa daktari aliye mbali anayetakiwa kutazama kidonda. Ukivuta mara 30 kibao kilicho mbali, programu ya aina hiyo inaweza kukupa herufi zilizonyooka na zenye ukingo mkali ambazo hazikuwahi kuandikwa na mtu. Anayetaka picha iwe ushahidi asogee karibu, apige bila kuvuta, na kama simu yake inaruhusu ahifadhi faili ghafi pamoja na ile iliyosafishwa. Hakimu naye, au mtaalamu anayemshauri, aulize kipenyo cha tundu la lenzi na umbali wa kitu kilichopigwa. Kwa namba hizo mbili kanuni ya Rayleigh itamwambia kama undani anaoonyeshwa ungeweza kupita kwenye lenzi ile.